Nilichomelea Chuma Baridi, Akafukuzwa Mwingine

Vidole vya mkono wa kulia wa Tata Kasongo havikunjiki tena, na kosa ni langu. Si la mashine, si la mvua, si la chef wetu, yaani mkubwa wa karakana. Ni langu mimi. Naandika bila jina kwa sababu watoto wangu wanasoma hapahapa Kolwezi, lakini walio karibu nami watanijua, na wanijue tu.

Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Kazini waliniita Mama Soudeur, yaani Mama Mchomeleaji. Kampuni yetu haikuwa kubwa. Wenye migodi walituita kutengeneza mashine zao nzito zikivunjika: malori ya kubeba mawe, katapila, na zile mashine za kuchimba zenye mkono mrefu na ndoo mbele, tunazoziita pelle. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye kofia ya kuchomelea mle ndani, na nilijivunia sana. Nilipenda kusikia mgeni akiuliza, "Nani alifanya hii?" halafu ananyooshewa kidole upande wangu.

Tata Kasongo (huku kwetu tata ni baba, kwa heshima) alikuwa dereva wa pelle. Mtu wa makamo, mpole, hana maneno mengi. Kila asubuhi kabla ya kupanda aliizunguka mashine yake na kitambaa mkononi, anafuta hapa, anagusa pale. Ijumaa moja, akifuta tope chini ya ule mkono wa mashine, karibu na pale unapoungana na mwili, aliona mstari mwembamba wa kutu. Akajua. Akakataa kufanya kazi na mashine ile, ikaletwa kwetu naye yuko nayo.

"Mama, angalia hapa," aliniambia. "Mi naona kama iko ufa."

Nikainama na tochi. "Iko ufa, tata. Ulifanya muzuri kusimamisha."

"Basi, naiacha mu mikono yako."

Akatafuta kivuli akakaa. Hakuuliza swali lingine. Aliniamini.

Niwaeleze kidogo, ili mjue ni nini nilichokijua siku ile. Chuma cha mkono wa pelle ni kinene. Ukikichomelea kikiwa baridi, kinanyonya moto haraka mno, na pale kando ya mshono chuma kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama kioo. Kwa hiyo kwanza unakipasha moto polepole kwa gesi. Vijiti vya kuchomelea navyo vitoke kwenye tanuru lake dogo, vikavu kabisa, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye chuma kilichoyeyuka unajificha humo, halafu unakuja kukipasua baadaye, hata kesho yake, wewe umeshaenda zako nyumbani. Ufa wa zamani unaufukua wote mpaka mwisho wake. Ukiacha hata mzizi kidogo, hujatengeneza, umefunika. Ukimaliza, unakifunika chuma kwa blanketi lisiloungua, kipoe taratibu. Na kesho yake unapaka ile dawa nyekundu, kisha nyeupe, kuangalia kama hakuna ufa mpya uliozaliwa.

Haya yote nilifundishwa shuleni, nikayafanya miaka kwa miaka, nikawafundisha wengine. Sikukosea kwa kutojua.

Siku ile gesi ilikuwa imeisha. Chef wetu wa karakana, Tata Banza, alikuwa ameshatuma gari kwenda kuleta nyingine. Akaja akaniambia waziwazi:

"Mama, gesi itafika magaribi ao kesho asubui. Hapana kukimbia. Bantu ya mugodi, mi mwenyewe nitabaambia bangojee."

Hakunisukuma. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakisema kwamba wakubwa ndio wanaotukimbiza. Mara nyingi ni kweli. Siku ile haikuwa kweli. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Kesho yake, Jumamosi, wakwe wapya walikuwa wanakuja nyumbani kuleta mahari ya mdogo wetu wa mwisho. Sisi ni watu wa Kasai. Babu yetu aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, hakurudi tena, nasi tukazaliwa hapa. Ukoo wetu wa Kolwezi ni mdogo, na siku kama hiyo hakuna anayekosa. Mama yetu ameshafariki. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye niliyepaswa kukaa kwenye kiti chake. Nilijua gesi ikifika Jumamosi asubuhi nitaitwa, na nikirudi nitakuta wakwe wameshaondoka. Nikasema moyoni, hii kazi inaisha leo.

Nikachukua mashine ya kusagia chuma nikaufukua ule ufa mpaka macho yangu yalipoacha kuuona, nikaishia hapo. Sikupaka dawa kuhakikisha umekwisha. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na uliporudi tanuru la vijiti lilikuwa limepoa, na hata ningetaka vikavu nisingevipata upesi. Nikachukua vijiti kwenye boksi lililokuwa limekaa wazi tangu mvua zianze. Nikavaa kofia, nikachomelea kwenye chuma baridi.

Mshono ulitoka mzuri. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Ungeupiga picha ungewaonyesha wanafunzi.

Kabla sijamaliza, mvua ikawa inakuja kutoka upande wa ziwa la Nzilo. Upepo ukaingia chini ya mabati. Blanketi lilikuwa linaning'inia ukutani, nililiona. Nikaliacha palepale. Upepo ulikipoza chuma haraka nami nikafurahi, kwa sababu ningeweza kupaka rangi mapema. Nikasaga juujuu, nikapaka rangi ya manjano, nikanawa mikono.

Tata Banza akanikuta navua buti.

"Mama, ulisha kumaliza? Na gesi haiyafika?"

"Ilibakia kidogo mu chupa moja, tata. Ilitosha."

"Ulipasha chuma moto mbele ya kuchomelea?"

"Ndiyo, tata."

"Na ile dawa ya kuangalia?"

"Nitapita kesho asubui, mbele ya feti ya mahari."

Akanigusa bega. "Salimia bakwe," akasema, akaenda.

Jumamosi sikupita. Asubuhi nilikuwa nakoroga bukari, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa, leso kichwani, watoto wanapita miguuni. Nikampigia chef simu nikiwa jikoni, nikamwambia nimeshapita, nimepaka dawa, chuma ni safi. Alinishukuru. Nikakata simu, nikaendelea kukoroga. Mchana wakwe wakaja, tukaimba, tukacheza, mdogo wangu akatoka amependeza mpaka nikalia. Nilikaa kwenye kiti cha mama. Huenda saa ileile, kule karakana, chuma changu kilikuwa kimeshaanza kupasuka chini ya rangi.

Mashine ikarudi mgodini. Ikafanya kazi siku kadhaa bila shida, nami nikasahau. Naandika neno hili kwa aibu, lakini ni kweli: nilisahau kabisa.

Yaliyofuata nilisimuliwa na waliokuwepo. Chini kabisa ya shimo kulikuwa na pampu ya kuvutia maji iliyozama kwenye tope. Tata Kasongo akaambiwa ainyanyue kwa mnyororo. Wanaume wawili walikuwa chini wakiufunga. Pampu ilipoanza kupanda, mkono wa mashine ukalia kama risasi. Ule mshono ukafunguka. Tata Kasongo alikuwa na nafasi ndogo sana ya kufanya kitu, akaitumia kuizungusha mashine pembeni ili mzigo usiwaangukie wale wawili. Ukaangukia mawe. Mashine ikayumba, ikalalia ukuta wa shimo, na chuma cha kibanda upande wa kulia kikajikunja ndani kikaubana mkono wake kwenye vishikio.

Wale wanaume wawili hawakupata hata mchubuko.

Nilipopata habari nilikuwa nimeshika sahani ya chakula. Niliiweka chini nikasema, "Mungu wangu," na mama mmoja wa ofisini akanikumbatia, akidhani ninamhurumia tu mwenzangu. Nikamwacha adhani hivyo.

Watu wa usalama wa mgodi wakauliza maswali. Wale wawili wa chini walisema walichokiona: mashine iligeuka ghafla, mzigo ukaanguka. Hawakusema uongo. Walikuwa wamechanganyikiwa, na kwa aliye chini, kishindo na mzunguko vilitokea pamoja. Ikaandikwa kwamba dereva alizungusha mashine kwa nguvu mzigo ukiwa hewani, na hivyo akauvunja mkono. Tata Banza akaulizwa kuhusu matengenezo. Akajibu kwamba yalifanywa inavyotakiwa, chuma kilipashwa moto, kilikaguliwa. Alisema hivyo kwa sababu mimi nilimwambia hivyo.

Tata Kasongo akafukuzwa kazi bandeji ikiwa bado mkononi.

Mpaka hapo ningeweza kusema ni haraka, ni upumbavu wa siku moja. Sikilizeni nililolifanya baadaye.

Mkono wa mashine haukukatika wote. Ulifunguka upande mmoja na kujikunja, na wenye mgodi wakataka utengenezwe kwa kuongezewa bamba jipya. Ukaletwa kwetu. Watu wa usalama walikuwa wamepiga picha kwa mbali na kuondoka. Chef akanipa kazi mimi, kwa sababu nilikuwa naijua ile mashine.

Nikafuta tope, nikatazama. Kila kitu kilikuwa pale. Ufa mpya ulikuwa umekwenda kando ya mshono wangu mwanzo mpaka mwisho, umenyooka. Na chini yake, ndani, ufa wa zamani ambao sikumaliza kuufukua bado ulikuwepo, na kutu yake nyeusi. Mtu yeyote wa kazi yetu angetazama mara moja tu angejua kwamba dereva hakuvunja kitu. Kilikuwa kimeshavunjika kabla hajapanda.

Nilikuwa peke yangu. Tata Banza alikuwa ofisini, hatua chache tu. Ningeweza kumwita. Nikawasha mashine ya kusagia. Nikasaga mpaka chuma kikawa cheupe, mpaka hakuna mtu duniani angeweza kusoma chochote pale.

Safari ile nikafanya yote yanayotakiwa. Nikapasha moto, nikatoa vijiti kwenye tanuru, nikafunika kwa blanketi, nikarudi kesho yake na dawa, nikamwita chef aangalie kwa macho yake. Akaridhika.

"Hii mara ulifanya muzuri kupita ile ya kwanza," akasema.

Alisema bila kuwaza lolote. Muda si mrefu nikafanywa mkubwa wa kikundi chetu.

Wakati huo wote nilikuwa naenda kwa Tata Kasongo. Mnaweza kuamini? Nilimpelekea mikate, sukari, samaki wakavu. Mke wake, Mama Kasongo, alinipokea kwa mikono miwili. Aliwaambia majirani kwamba ni mimi tu ninayewajali: "Kazini bote balimusahau. Paka huyu mama njo anakuja." Nilikaa kwenye kiti nilichopewa nikanywa maji yao.

Siku moja Tata Kasongo akaniomba kitu.

"Mama, ile Ijumaa tuliona ule ufa pamoja. Kama unaweza, ubaambie kule kazini. Mi njo nilisimamisha mashine. Mutu anaona ufa kama nywele, anaweza tena kuzungusha muzigo ovyo-ovyo vile?"

"Nitabaambia, tata."

Sikumwambia mtu. Nikapunguza kwenda kwao. Nikajiambia nina kazi nyingi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilipita soko la mtaa wao nikitafuta makala, yaani makaa ya kupikia. Mama Kasongo alikuwa ameweka mifuko yake chini, na nyuma yake, kwenye ndoo iliyogeuzwa, alikaa mume wake. Alikuwa anafunga mifuko. Mkono wa kushoto ulishika kamba, na upande wa pili aliuvuta kwa meno. Midomo yake ilikuwa myeusi kwa makala. Huyu ni mtu aliyekuwa anaweza kuchota jiwe kwa ile ndoo kubwa na kulilaza kwenye lori bila lori kutikisika. Aliponiona alijifuta mdomo haraka kwa mkono wa shati, kwa aibu. Yeye ndiye aliona aibu mbele yangu.

Nilishindwa. Nikachuchumaa palepale mbele yake.

"Tata, si we ulivunja. Ni mi. Nilichomelea chuma baridi, na bijiti bya maji. Nilimudanganya chef. Halafu balipoleta mashine, nilisaga alama yote isionekane."

Mama Kasongo aliacha kupima makala. Tata Kasongo alinitazama, kamba bado mkononi.

"Ile siku unachomelea," akauliza, "ulijua kama hapana muzuri?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unakuja kwangu na mikate, ulijua?"

"Nilijua, tata."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Akaiweka kamba chini, akasema polepole:

"Hapa umekuja kuniambia mi, na mi nilishajua kama sikukosa. Enda kule balinifukuza. Bale ba kule njo habajui kama sikukosa."

Mama Kasongo akaniambia nilipokuwa nasimama: "Usirudie kuleta chakula kwangu."

Nikaenda kazini moja kwa moja, nguo zangu zina vumbi la makala. Nikamkuta Tata Banza, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Hakupaza sauti. Alikaa, akavua miwani, akaishika.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilisimama mbele yako, nikakuuliza. Ulinijibu ndiyo."

"Ndiyo, tata."

"Na mi nikaenda kusema mbele ya bantu, juu ya ile ndiyo yako. Mutu akafukuzwa."

Kisha akasimama, akanipeleka yeye mwenyewe kwa wakubwa, na wakubwa wakanipeleka mgodini. Nilisimulia mara nyingi, kila chumba, kila meza. Nilifukuzwa, na sina neno juu ya hilo. Tata Banza naye aliondolewa kwenye ukubwa wa karakana kwa sababu hakukagua kwa macho yake mara ile ya kwanza. Ana watoto wengi kuliko mimi. Hilo nalo ni juu yangu.

Jina la Tata Kasongo likasafishwa. Ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote asubuhi, kabla ya kuanza kazi, kwamba dereva hakuwa na kosa na kwamba aliwaokoa wenzake wawili. Wakamrudisha. Lakini mkono hauwezi tena kushika vishikio, kwa hiyo wakamweka kufundisha madereva wapya. Anasimama chini, nje ya mashine, anawaelekeza kwa sauti. Wanasema anafundisha vizuri. Wanasema pia kwamba mwanafunzi akishuka kwenda kula, yeye hubaki akiitazama ile pelle, halafu huenda zake.

Mimi na yeye hatusalimiani. Nikimwona barabarani nasimama kumpa nafasi, naye anapita. Simlaumu.

Nyumbani napo palibadilika. Mume wangu anafanya biashara Dilolo, mpakani mwa Angola, anakuja na kuondoka. Aliposikia aliniuliza kwa nini sikumwambia hata yeye. Mdogo wangu, aliyeolewa, alilia aliposikia kwamba ilikuwa ni kwa ajili ya sherehe yake. Nilimwambia haikuwa kosa lake, lakini nimemharibia kumbukumbu ya siku ile, najua.

Sasa nachomelea mageti na vitanda kando ya barabara. Mara mojamoja lori linakuja na fremu iliyopasuka, dereva ana haraka, anataka nipitishe moto tu aende. Namwambia aache gari mpaka kesho. Wengine wananisonya, wanaenda kwa jirani. Nawaacha waende.

Ndugu zangu mnaoshika kazi hii, na ninyi msioishika lakini mna kazi nyingine ambayo mtu mwingine anaweka mwili wake juu yake: mwenzako akikuuliza kama umefanya, na hujafanya, sema hujafanya. Atakasirika kidogo, mtangoja gesi, sherehe itakupita, na kesho wote mtakuwa wazima. Na kama umeshakosea, sema siku ileile, alama zikiwa bado zinaonekana. Mimi watu wananihurumia wakidhani kosa langu kubwa ni lile la Ijumaa. Ijumaa nilikuwa na haraka. Siku niliyoshika mashine ya kusagia na kufuta ukweli wa Tata Kasongo, sikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa na muda wote wa kufikiri, nikafikiri, halafu nikasaga.